Samli Haiingii Kwenye Chemba

Nimesikia majina yenu yamesomwa barazani. Vijana wa Wenje, wa Hewani, na wa hapa Garsen mjini: wiki ijayo mtapewa bunduki na kuambiwa ninyi sasa ni askari wa akiba. Mtu mmoja alikuja nyumbani kwangu kuniomba nihudhurie siku hiyo niwape maneno mawili ya kuwatia moyo, kwa kuwa nimezeeka ndani ya stoo ya silaha. Nikamwambia sina moyo wa kumtia mtu. Nina hasira, na hasira yangu haienei katika maneno mawili. Basi naandika.

Msitafute ushujaa humu. Nitawaeleza habari za tundu. Nyuma ya mtutu wa bunduki kuna nafasi ambamo risasi hulala kabla ya kupigwa, nasi huiita chemba. Watu wanapenda kuzungumza juu ya mtutu, juu ya shabaha, juu ya bunduki hii inafika mbali kuliko ile. Chemba hakuna anayeitaja. Mguu wa mdogo wangu Jillo umebaki kwenye shamba la mpunga kule Wenje kwa sababu ya chemba, na mguu haukutosha: walitaka na jina lake pia. Jina ndilo nililogombania.

Jillo ni kitinda mimba wetu. Mama alipotutoka, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni, na baba hakukaa sana nyuma ya mama. Mimi mkubwa nilikuwa darasa la sita. Nikafunga daftari, nikafungua shamba. Sisemi hivyo mnionee huruma. Huruma haipandi mahindi. Nasema ili mjue kwamba Jillo ninapomwita mdogo wangu, wengine hapa kwetu huona ni kama mama anamwita mwanawe, na jambo hilo litakuja kunigharimu.

Kwenye uaskari wa akiba niliingia kwa sababu kambi ilikuwa inatafuta watu wa kubaki stoo. Wanaume walitaka doria. Bunduki zilirudi zimejaa tope la mto, zikawekwa sakafuni kama majembe. Siku ya kwanza kiongozi mmoja akanitupia kitambaa akacheka, "Dada, kusafisha ni kazi yenu. Fikiria ni sufuria."

Nikafikiria ni sufuria. Nikasugua nje mpaka zikang'aa. Ndipo akaja Mzee Kazungu, fundi wa silaha aliyekuwa akizunguka kambi zote za upande huu, mtu wa huko Malindi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akachukua moja, akafungua bolti, lile komeo la chuma linaloifunga chemba kwa nyuma, akachungulia, kisha akaniita.

"Mwanangu, umeosha sufuria?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umeosha nje. Ndani kuna ukoko wa wiki nzima. Wewe ungekula humu?"

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Hakuwahi kuniuliza cheti. Aliniuliza kama nina subira, nikamwambia nimelea watoto watatu ambao sikuwazaa, akasema basi maswali yamekwisha.

Alinifundisha hivi. Ganda la risasi limetengenezwa kwa shaba laini kwa makusudi. Baruti ikiwaka, ganda huvimba, likashika ukuta wa chemba na kuziba, ili moto uende mbele tu na usirudi usoni mwako. Moto ukishapita, ganda husinyaa kidogo likakubali kutoka. Kazi yote ya bunduki iko katika kuvimba huko na kusinyaa huko. Chemba ikiwa kubwa mno, ganda huvimba kupita kiasi na linaweza kukatika. Ikiwa ndogo mno, risasi haiingii, au inaingia kwa nguvu ambayo utaijutia. Ikiwa chafu, ganda hushika kitu ambacho si ukuta.

Kuna mwenye ranchi mmoja alikuja kwetu amekasirika. Alikuwa na bunduki ya kibali, nzuri, ya kulenga, chemba yake imebana kama kiatu kipya. Mahali fulani amepata risasi zilizotengenezwa kwa bunduki za kijeshi, ambazo kwa macho ni sawa kabisa na zake. Bolti haikufunga. Yeye akachukua mpini wa shoka ili aigonge ifunge. Mzee Kazungu alimshika mkono.

"Bwana mkubwa, huo si mlango wa choo."

"Lakini risasi ni ileile! Unene ni uleule!"

"Hata wewe na mimi shingo zetu ni sawa. Shati langu litakutosha?"

Yule bwana alikuwa na tumbo la mtu anayekula vizuri. Akaangalia shati la Mzee, akaangalia tumbo lake, akaweka mpini chini. Nataka mlikumbuke hilo. Kufanana kwa macho si kukubaliana. Risasi haijulikani kwa unene wa kichwa peke yake. Kuna urefu wa ganda, kuna bega lake pale linapopungua unene, kuna kitako. Ukipewa risasi usiyoijua, usiijaribu kwenye chemba. Uliza. Akikosekana wa kumwuliza, iache.

Sasa nije kwenye bunduki zetu, kwa maana hasira yangu iko hapo.

Miaka mingi kambi zetu zilitumia thrii-o-thrii, ile ndefu ya mbao mliyoiona kwa babu zenu. Risasi yake ina mdomo kwenye kitako, na mdomo huo ndio unaoizuia isizame. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya chemba iliweza kuachwa pana. Mzee Kazungu alisema waliifanya pana kwa ajili ya vita vya matope, na sisi wa Tana matope tunayo ya kutosha kuuza. Upana huo una hasara: risasi hulala kidogo upande, haikai katikati barabara, na shabaha inapotea kiasi. Ila upana husamehe. Mchanga ukiingia, inafunga. Ganda likigoma kutoka, unaivuta bolti kwa mkono wako, ukishindwa unaipiga kwa kiganja. Nguvu ni yako.

Ya pili ni jithrii. Hiyo risasi yake haina mdomo, inakaa kwa bega, na inakaa vizuri, kwa hiyo inalenga kuliko ile nzee. Hilo ni kweli na silipingi. Lakini inafunguka yenyewe, mapema, ganda likiwa bado limevimba. Ili ganda lisigande, ndani ya chemba kumechongwa vijifereji vyembamba. Moshi wa baruti hupita humo, hulizunguka ganda, huliinua likaelea kama mtumbwi juu ya maji. Okota ganda lililopigwa na jithrii: utaona mistari myeusi imesimama ubavuni. Mistari ikiwa safi na imeachana sawasawa, bunduki ni nzima. Mistari ikipotea upande mmoja, mifereji imeziba, na siku haiko mbali. Hivyo ndivyo nilivyozijua bunduki za watu bila kuwauliza, kwa kuokota maganda yao.

Tena kuna ile ya Kirusi, ambayo ganda lake limechongoka kama karoti. Inaingia upesi na kutoka upesi hata kama umeizika mchangani. Kulenga mbali usiitarajie. Mzee Kazungu alikuwa akisema chemba zote tatu ni tabia za watu: mmoja anasamehe, mmoja anataka usafi, mmoja hajali. Usimtendee mmoja kama mwenzake.

Mafuta ya bunduki, je? Mafuta ni ya bolti, tena kidogo. Chemba na risasi hukaa kavu. Kavu! Ganda lenye mafuta haliwezi kuushika ukuta, linateleza, na teke lote linarudi kwenye bolti. Na mafuta huita vumbi.

Haya, sasa mjue na Barisa. Barisa ni Muorma, kiongozi wa kambi ndogo iliyokuwa karibu na malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni, upande wa Wenje. Mtu mrefu, mkimya, jasiri, na ng'ombe wake wanajulikana. Kwao samli inatibu kila kitu. Ngozi ikikauka, samli. Mkuki ukitaka kushika kutu, samli. Ala ya kisu, samli. Risasi zilipoletwa kambini kwake wakati wa mvua, unyevu umetanda, kutu imeanza, alifanya alichofundishwa na baba yake: alizipaka samli, moja moja, kwa kidole, akazipanga kwenye bati. Miaka yote akitumia thrii-o-thrii. Na thrii-o-thrii ikamsamehe.

Mimi nilijua siku bunduki nzee ziliporudishwa stoo ili zibadilishwe. Nilifungua bolti ya kwanza, stoo ikanuka kifungua kinywa. Nikafungua ya pili, ileile. Ningekuwa na chapati ningekula. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu ukutani zilikuwa zimeegemezwa jithrii walizokuja kupewa watu haohao.

Nikaenda kwa mkubwa. Jina lake silitaji, wala ofisi yake. Alikuwa anapanga viti na hema kwa ajili ya wageni.

"Afande, hawa watu wanapaka risasi samli. Hizi bunduki mpya zina mifereji. Nipe nao siku moja tu kabla ya kuzichukua."

"Mama, wageni wanakuja Ijumaa."

"Basi nipe asubuhi ya Ijumaa."

"Asubuhi ya Ijumaa wanalenga shabaha mbele ya wageni."

"Baada ya kulenga?"

"Baada ya kulenga kuna chakula." Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia ofisini. "Bunduki ni bunduki, mama. Hawa wamezishika kabla wewe hujajua kufungua bolti."

Ijumaa walilenga shabaha kwa risasi mpya, kavu, zilizotoka kwenye kasha. Kila mtu akagonga. Makofi. Mgeni mmoja akasema silaha hizi zina shabaha ya ajabu, na alisema kweli. Nilikimbilia lori ili niseme na Barisa hata dakika chache; likawa limeondoka na watu wameimba mpaka wamepotea vumbini. Simu yake kule malka haishiki. Nikaomba lifti ya kwenda huko, nikaambiwa gari la kambi si la matembezi.

Jillo alikuwa kwenye lori hilo. Yeye mwenyewe nilikuwa nimemfundisha. Chemba yake aliitunza kama jicho lake, kavu siku zote. Lakini risasi kambini zilikuwa mikononi mwa Barisa, na Barisa alizipokea, akazifungua, akazipaka samli. Kiongozi wake amepaka. Kijana afanye nini? Alinieleza baadaye, "Dada, nilizifuta kwa nguo. Nikaona zimekauka." Ukifuta samli kwa nguo umeisambaza tu.

Mto ulipojaa, viboko walipanda mashambani. Asubuhi moja mmoja alikuwa katikati ya mpunga, na kina mama waliokuwa wakipalilia wakawa kati yake na maji aliyotaka kurudia. Kiboko ukimkatia njia ya maji hana rafiki. Jillo na Barisa walikuja mbio. Mama mmoja alikuwa ameteleza kwenye tuta, mtoto mgongoni, hawezi kunyanyuka. Jillo akasimama mbele yake, akapiga. Akampata begani palepale alipolenga. Shabaha ya ajabu, kama alivyosema mgeni.

Mnyama akamgeukia. Jillo akavuta tena: kimya. Ganda la kwanza limeganda ndani. Walikuwa wamezoea kupiga risasi chache chache hewani kuwafukuza nyani, na kila mara samli ilipikwa kidogo zaidi ndani ya mifereji, ambako kitambaa hakifiki, mpaka ikawa lami. Alipiga mkono wa bolti kwa kiganja, haikufunguka. Hakukimbia. Kina mama wote waliokuwepo wanasema hivyo, na yule aliyeanguka analisema hadi leo kila anaponiona: hakukimbia. Barisa alifyatua ya kwake mara moja, ikampata kiboko karibu na sikio, akamwachia Jillo, akatimka mtoni. Ya Barisa nayo haikutoa ganda. Ingehitajika risasi ya pili, wangekwisha wote.

Mguu wa Jillo ulikuwa umeshatafunwa chini ya goti.

Nilikaa naye hospitalini mpaka alipoweza kusimama kwa magongo. Nilipouliza bunduki yake iko wapi, nikaambiwa imerudishwa stoo. Nikaenda. Ilikuwa imewekwa mahali pake, na chemba yake inang'aa. Nilichungulia kwa tochi: mifereji yote misafi, kama imetoka kiwandani jana. Mtu ameisugua kwa brashi yangu, na brashi yangu akaiacha mezani inanuka samli.

Kisha tukaitwa kwenye kikao. Mkubwa na wenzake watatu nyuma ya meza, Jillo kwenye benchi, mimi pembeni, na askari wa kambi ya malka wamesimama nyuma. Mkubwa akasema silaha imekaguliwa na haina kasoro; kwa hiyo iliyokosa ni matunzo; kwa hiyo ni uzembe wa askari. Jillo angeondolewa kwa uzembe, na itangazwe katika kambi zote ili iwe funzo. Mtu aliyesimama mbele ya kiboko kwa ajili ya mwana wa mwenziwe, jina lake lisomwe huko na huko kama mvivu wa kusafisha.

Nikasimama. Nikaeleza samli, nikaeleza mifereji, nikaeleza brashi yangu iliyonuka mezani, nikaeleza siku niliyoiomba nikanyimwa.

"Mama," mkubwa akasema kwa sauti ya msiba, "tunajua umemlea. Uchungu wako tunauelewa. Kaa."

"Si uchungu. Ni chemba."

"Kaa, mama."

Nikabaki nimesimama. Jillo akanivuta kitenge. "Dada, acha. Tutaishi."

"Hatutaishi hivyo," nikamwambia, na nadhani nilipiga kelele.

Ndipo Barisa akasogea kutoka nyuma. Hakuvua kofia. Akasema, "Samli ni yangu."

Chumba kizima kikageuka.

"Risasi nilipaka mimi. Zote. Ya Jillo na yangu. Bunduki yangu pia ilikwama siku ile ile, watu wameona. Yangu niliisafisha nyumbani kwa sababu niliogopa. Huyu kijana alikuta zimepakwa. Yeye hana makosa."

"Nani alikuambia upake samli?" mkubwa akauliza.

"Baba yangu. Na nani aliniambia nisipake?"

Wale nyuma ya meza walinong'onezana, na kwa mara ya kwanza siku ile niliwaona wamefurahi, kwa maana wamepata jina jingine. Uzembe ukamtoka Jillo, ukahamia kwa Barisa hapohapo, kama mzigo unaobadilishwa punda. Yule aliyempiga kiboko, aliyeokoa watu, akaambiwa aweke bunduki mezani. Jillo akaandikiwa kuwa ameumia kazini. Mkubwa hakuandikiwa chochote.

Niliweka funguo za stoo juu ya bunduki ya Barisa nikatoka. Wakiniita mstaafu, ndiko nilikostaafia.

Nje nilimfuata Barisa. Nilikuwa nataka kumshukuru na kumtukana, sikujua kipi kianze. Nikamwuliza kwa nini alisema, na angeweza kunyamaza.

"Dada, wewe umesema kweli yote," akanijibu. "Lakini huyu umemlea. Ushahidi wa mama nani anachukua? Nimeona ukisema watakataa mpaka jioni. Ilitakiwa mtu ambaye si mama."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko mguu. Nilikuwa sahihi, na usahihi wangu haukufaa kitu mpaka mtu mwema alipojiharibia. Tangu hapo msiniambie eti ukweli hujitetea wenyewe. Hautembei hatua moja. Hubebwa, na anayeubeba hulipishwa.

Bunduki mtakazopewa ni hizohizo. Mkubwa ni mwingine, hema ni lilelile. Nimeulizia kama kuna siku iliyotengwa ya kuwaonyesha chemba. Nimeambiwa ratiba imejaa. Kwa hiyo njooni kwangu kabla ya siku hiyo, mikono mitupu, hapa nyuma ya soko la mifugo, ulizeni nyumba ya dada yake Jillo. Kuna maganda ya kila aina kwenye debe mtajifunza kuyasoma. Barisa huja siku za mnada, naye atawaeleza mwenyewe habari za samli, na msithubutu kumcheka.

Anayefundisha ni Jillo. Ana subira, na mkikosea atawarudisha mwanzo bila kuwatukana. Mimi nitakaa mlangoni nikiendelea na hasira yangu, maana katika jambo hili lazima abaki mtu mmoja ambaye hajatulia.